Kura Moja ya Tura

Mwezi uliopita nilirudisha funguo tatu za kabati, mhuri mmoja, na kiti ambacho mguu wake wa nyuma niliufunga waya kwa mkono wangu mwenyewe. Nikatia saini kwamba vyote vimepokewa vikiwa katika hali njema. Kuhusu kiti nilisema uongo. Mengine yote nitakayoyaandika hapa, ninyi makarani mnaobaki, ni kweli kadiri kumbukumbu inavyoniruhusu. Vyeo sitavitaja, wala mishahara. Hayo mnayajadili vya kutosha bila msaada wangu.

Niliingia boma la Tabora wakati wa Mwingereza, nikiwa nimevaa viatu vya kaka yangu ambavyo vilinibana mpaka nikawa natembea kama mtu aliyetoka kutahiriwa. Karani mkuu alikuwa Mzee Feruzi, mtu wa mjini hapa hapa, mrefu, mwenye kanzu safi na koti jeusi juu yake. Baba yake alikuwa ameandikia Wajerumani, na babu yake alikuwa akiandika orodha za mizigo ya misafara iliyopita hapa ikienda Ujiji. Kwao kalamu ilikuwa kama jembe kwa wengine.

Siku ile ya kwanza alinipa barua ya malalamiko, iliyoandikwa na mkulima mmoja, niinakili kwa ajili ya jalada. Mkulima alikuwa ameandika vibaya. Mimi, kwa kutaka kuonyesha kwamba nimesoma, nikamnyooshea sentensi zake zote. Mzee Feruzi akasoma nakala yangu, akaiweka pembeni.

"Hii barua ni ya nani?" akaniuliza.

"Ya yule mkulima, mzee."

"Basi mbona unasema wewe?"

Nikaiandika upya, pamoja na makosa yake. Sijawahi kusahau. Kazi yetu ni kuchukua neno la mtu kutoka mdomoni mwake na kuliweka kwenye karatasi bila kuliongeza wala kulipunguza. Ukiona neno limekaa vibaya, si lako.

Vifaa vilikuwa vichache. Kulikuwa na mashine moja ya chapa ambayo herufi yake ya r ilikatika, na kwa miaka kadhaa mji wetu ulitoka kwenye barua za serikali ukiitwa "Tabo a", mpaka mtu aitie r kwa wino. Nilizitia r nyingi maishani. Kulikuwa na lakiri nyekundu ya kufungia bahasha, ambayo ukiichelewesha kwenye moto inakuchoma vidole, na penseli za zambarau ambazo ukilamba ncha zake ulimi unabaki na rangi siku nzima. Makarani wote wa boma tulijulikana sokoni kwa ndimi zetu.

Kwa sababu nilikijua Kinyamwezi cha nyumbani kwa mama, walinitumia pia kama mkalimani kwenye mashauri. Huko nilijifunza kitu kingine. Bibi mmoja mjane alisema shambani kwake wamemfukuza "kama mbwa", na mimi nikamtafsiria Bwana Shauri, yaani yule afisa wa Kiingereza, kwamba bibi "amehamishwa". Niliona neno lake kali mno. Shauri likaenda polepole, kama jambo dogo, na bibi akashindwa. Sijui kama neno moja lingemsaidia. Najua tu kwamba lilikuwa lake, nami nilimnyang'anya.

Sasa nifike kwenye kazi iliyonilemea kuliko zote, ambayo ndiyo hasa iliyonifanya nishike kalamu.

Ilikuwa miaka ya mwisho ya Mwingereza. Tulitangaziwa kwamba madiwani wa baraza la wilaya, ambao awali walikuwa wakiteuliwa, sasa baadhi yao watachaguliwa kwa kura. Wanawake waliokuwa na mashamba yao na wamejiandikisha nao waliruhusiwa. Watu wengi hawakujua kusoma, kwa hiyo ukawekwa utaratibu huu: mpiga kura anaingia peke yake kwenye kibanda cha nyasi, anamnong'oneza karani jina la mtu anayemtaka, karani anaweka alama kwenye karatasi mbele ya macho yake, na mwenyewe anaitumbukiza sandukuni. Ajuaye kusoma anachora alama yake mwenyewe.

Tuliapishwa, kila mtu kwa kitabu chake. Mimi niliweka mkono juu ya Msahafu nikaapa kwamba nitakayoyasikia kibandani sitayasema kwa mtu yeyote. Tulipotoka nje, Mzee Feruzi akanishika bega.

"Idi, kuapa ni kazi ya dakika moja," alisema. "Kazi yenyewe itaanza watu watakapokuja kukuuliza."

Nilipangiwa Tura, kituo cha reli mashariki ya Tabora. Wanaoijua sehemu ile wanajua shida yake. Wazee walisema misafara ya zamani ilifika Tura midomo imepasuka, baada ya siku nyingi za miiba. Reli ilipokuja ilileta tangi kubwa la maji kwa ajili ya injini, na pampu. Kiangazi, visima vya kijiji vilipokauka, watu wa Tura walikunywa maji ya tangi lile.

Aliyeendesha pampu alikuwa Mzee Saidi, Mwislamu, mtu wa maneno machache, mwenye mikono iliyojaa grisi isiyotoka hata kwa mchanga. Yeye ndiye aliyewafungulia akina mama bomba asubuhi, kabla treni hazijaanza kudai maji yao. Wafanyakazi wa kituo walimshika wakamwambia agombee udiwani. Alikataa mara mbili, ya tatu akaona haya kukataa.

Mpinzani wake alikuwa Andrea, mwalimu wa dini na wa shule ya msingi ya Wakatoliki. Mtu mwembamba, mpole, mwenye kuzungumza kama anayekusomea. Andrea alikuwa amewaandikia watu wa Tura barua zao kwa miaka mingi: za kodi, za watoto walioko migodini, za misiba. Alikuwa na mke aitwaye Monika, mzaliwa wa Nzega, na watoto wanne. Nyumba ya pili kutoka yake ilikuwa ya kaka yake mkubwa, Petro, ambaye baada ya baba yao kufa ndiye aliyemlea na kumsomesha.

Wiki moja kabla ya kura, neno lilienea kijijini kwamba Saidi akishindwa atahamishwa, na mwendesha pampu mpya hatafungulia watu bomba. Nimeuliza sana baadaye neno hilo lilianzia wapi. Hakuna aliyelianzisha. Kila mtu alilisikia kwa mwingine. Saidi mwenyewe alikuwa wa mwisho kulisikia, akasema ni upuuzi, lakini watu walidhani anasema hivyo kwa adabu.

Siku ya kura nilikaa kibandani tangu jua halijapanda. Ninayoyaeleza hapa kuhusu waliyonong'ona watu wawili nimeruhusiwa na wenyewe, kwa vinywa vyao, na nitaeleza ilivyokuwa.

Saidi alikuwa miongoni mwa wa kwanza. Alisoma Kurani vizuri na aliweza kuandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, lakini za Kizungu hakuzijua. Akainama sikioni kwangu.

"Mwalimu," akasema.

"Mwalimu yupi, mzee?"

"Andrea. Andika."

Nikadhani hajaelewa. "Mzee, wewe mwenyewe umo humu. Jina lako ni hili la chini."

"Najua nimo. Andika nilivyosema."

Nikaandika. Alipotoka nilitabasamu peke yangu, kwa sababu niliona jambo zuri. Sikujua kwamba hilo ndilo jina la Andrea la kwanza na la mwisho nitakalolisikia siku ile.

Walikuja mmoja mmoja. Wazee ambao Andrea aliwasomea barua za wana wao. Wakulima, mama mkwe wa huyu, jirani wa yule. "Saidi." "Saidi." "Yule wa maji." Ilipofika saa nne nilianza kungoja. Nilikuwa karani, sikupaswa kungoja chochote, lakini masikio yalikuwa yangu. Monika aliingia na mtoto mgongoni na ndoo mkononi, maana alikuwa anapitia bombani. Hakuniangalia. Alisema jina kwa sauti ndogo hata nikalazimika kumwomba arudie.

"Saidi," akarudia, na akakaza macho kwenye ndoo.

Watu wa kusoma walikuwa wachache, Andrea akiwemo. Alichora karatasi yake mwenyewe, akaikunja mara nne, akanisalimu kwa heshima, akatoka.

Masanduku ya vituo vyote vitatu vya kura vya sehemu ile yaliletwa Tabora kwa treni chini ya ulinzi wa askari, yakahesabiwa bomani asubuhi. Mzee Feruzi alikuwa kitandani na homa. Kazi ya kusimamia hesabu na kusoma matokeo ilinidondokea mimi.

Hapa ndipo penye kosa langu, na sitaki mlitafute kwa mtu mwingine. Maagizo yalisema zisomwe jumla za wagombea. Hayakusema chochote kuhusu vituo. Lakini mimi nilikuwa nimechora jedwali zuri, kwa rula, kituo kwa kituo, nikalipenda jedwali langu. Nikatoka kwenye baraza ya boma mbele ya watu, na nikalisoma lote.

Kituo cha kwanza, Andrea alimshinda Saidi. Cha pili, akamshinda tena. Watu walikuwa wakipiga makofi. Andrea alisimama chini ya ngazi, kofia mkononi, Petro pembeni yake. Nikafika mstari wa tatu, na nikiwa tayari nimefungua mdomo ndipo nikaona ninachokwenda kukisoma.

"Tura," nikasema. "Saidi, kura themanini na mbili. Andrea, kura moja."

Hakuna aliyecheka. Ningefurahi kama wangecheka. Watu wakaanza kumtazama Andrea na kuangalia pembeni. Jumla ikampa Saidi ushindi wa kura chache. Wasiomjua Andrea ndio waliomchagua. Waliokula naye ndio waliomwangusha, na mimi nilikuwa nimemwambia hivyo hadharani kwa sauti ya serikali.

Andrea alipanda ngazi hadi alipokuwa Saidi, akampa mkono, akampongeza. Kisha akaniambia, "Asante, Bwana Karani. Umesoma vizuri." Sijui kama kuna maneno yaliyowahi kuniuma kama hayo.

Baada ya wiki mbili alirudi bomani peke yake. Nilimkaribisha kiti. Akakaa ukingoni.

"Sikuja kulalamika," alisema. "Kura zimehesabiwa. Nataka neno moja tu kwako. Ile moja ni ya nani?"

Nikapanga upya makaratasi yaliyokuwa mezani.

"Si yangu," akasema. "Mimi sikujipigia. Niliona si vizuri mtu kujichagua mwenyewe, nikampa Saidi. Kwa hiyo ile moja ni ya mtu. Tukiwa kwenye treni tukirudi, kaka Petro aliniambia, 'Mdogo wangu, ile ni yangu.' Nikalia pale pale mbele ya watu. Nikafika nyumbani, mke wangu akanipokea mzigo, akaniambia, 'Baba Tereza, usihuzunike, ile moja ni yangu.' Sasa, ndugu yangu, mmoja wao ananidanganya. Nani?"

Nilitazama mashine ya chapa. Yeye alinitazama mimi.

"Kaka alinilea," akaendelea. "Nikasema hawezi kunidanganya. Nikamwambia Monika ni mwongo. Nikamwambia mambo mengine pia. Akabeba mtoto mdogo akaenda kwao Nzega. Watatu ninao mimi. Yule mkubwa ananiuliza kila siku mama atarudi lini. Kama nilimwonea, niambie. Tikisa kichwa tu, usiseme kitu."

"Mwalimu, niliapa."

"Najua uliapa. Mimi ndiye ninayefundisha watoto maana ya kuapa." Akavaa kofia yake. "Nilidhani nitaweza kuondoka bila kukuuliza. Nisamehe."

Akaondoka. Nilikaa na kiapo changu kama mtu aliyeshika kaa la moto kwa sababu ameambiwa asiliachie.

Mzee Feruzi alikuwa amepona kiasi, anakaa nje ya nyumba yake mtaa wa Cheyo akiota jua la asubuhi. Nilikwenda, nikampa shikamoo, akaitikia marahaba, nikamweleza shida bila kutaja majina. Alijua majina yote, bila shaka. Tabora nzima ilijua.

"Unataka nikuruhusu useme," akasema.

"Nataka uniambie nifanye nini, mzee."

"Kusema huwezi. Wale watu walikuja kukunong'oneza kwa sababu waliamini utakufa nalo. Leo ukisema la mmoja kwa huruma, kesho watakuja kukuomba la mwingine kwa hasira." Alijifunika shuka vizuri. "Lakini neno lina mwenyewe. Mwenyewe akitaka kulisema, hakuna aliyemwapisha."

Nilinyanyuka haraka. Akaniita.

"Idi. Fikiri kwanza. Ikijulikana ile moja ni ya nani, zile themanini na mbili zimejulikana ni za nani."

Nilifikiri, siku tatu. Kisha nikaomba ruhusa, nikapanda treni kwenda Tura.

Saidi nilimkuta kwenye pampu, anafuta mafuta kwa kitambaa. Nilimwambia yote niliyosikia kwa Andrea mwenyewe, kwamba mkewe ameondoka, kwamba ndugu hawaaminiani. Sikumwambia afanye nini. Nilimwambia tu, "Mzee, kuna neno ambalo mimi siwezi kulisema, wewe unaweza."

Aliendelea kufuta chuma kile ambacho kilikuwa kimekwisha kung'aa.

"Kwa nini ulimpigia yeye?" nikauliza.

"Mimi najua pampu," alisema. "Kule barazani wanasoma makaratasi ya Kizungu. Nimchague mtu asiyejua kuyasoma?" Akatupa kitambaa ndani ya debe. "Nikisema, Petro na yule mama wataonekana waongo."

"Ndiyo."

"Na nisiposema?"

Akanawa mikono, akavaa kofia, tukaenda.

Andrea alikuwa shuleni, watoto wametoka nje kwa mapumziko. Saidi hakukaa. Alisimama mlangoni mwa darasa akasema, "Mwalimu, ile kura moja ni yangu. Mimi ndiye niliyekupigia. Huyu anajua, lakini hakusema, nimesema mimi."

Andrea aliweka chaki chini. Kisha akaketi kwenye dawati la mtoto, magoti yakiwa juu, akaufunika uso wake kwa mikono. Tulidhani analia. Alipoinua kichwa alikuwa na macho makavu.

"Mimi nilikupigia wewe," akamwambia Saidi.

"Mimi?"

"Wewe."

Saidi akasema, "Basi tumebadilishana tu," na huo ndio mzaha pekee niliowahi kumsikia akiutoa. Hakuna aliyecheka.

"Kwa hiyo wote wawili," Andrea akasema polepole. "Kaka, na Monika. Wote wawili."

Hapo nilielewa vizuri alichoniambia Mzee Feruzi. Sikuvunja kiapo changu. Lakini nilikizunguka kwa nyuma, na mtu aliyekuwa na mwongo mmoja nyumbani sasa alikuwa na wawili, kama si kijiji kizima. Nilirudi Tabora nikiwa sijui nimeponya au nimeua.

Yaliyofuata nimeyapata kwa Andrea, na baadaye kwa Monika mwenyewe, ambaye ndiye aliyeniambia, "Yaandike, Bwana Karani, ili wanangu wajue sikuwa mbaya."

Andrea alikwenda Nzega kwa lori la pamba. Alifika kwa wakwe zake mchana, akasalimu wazee kwa Kinyamwezi, "Mwangaluka," ingawa asubuhi ilikuwa imepita zamani, maana alikuwa amechanganyikiwa. Monika alikuwa anatwanga. Hakuacha kutwanga.

"Najua haikuwa yako," Andrea akamwambia. "Ilikuwa ya Saidi."

Mtwangio ukasimama.

"Umekuja kuniambia hilo? Umepanda lori siku nzima uje uniambie kwamba mimi ni mwongo, jambo ambalo ulikwisha kuniambia nyumbani?"

"Nimekuja kukuuliza kwa nini."

"Maji, Baba Tereza," akasema. "Nina watoto wanne na ndoo moja. Walisema Saidi akiondoka bomba litafungwa. Wewe ungekuwa diwani, ungekaa Tabora barazani, umevaa koti. Mimi ningekuwa kwenye foleni ya matope kule mtoni, na huyu mgongoni. Nilisimama pale kibandani nikataka kusema jina lako. Nikaangalia ndoo." Akajifuta uso kwa kanga. "Nikajua wengine watakupa. Nilidhani wewe ni mtu wa watu, nikajua hutaihitaji kura yangu. Uliporudi na moja, nikaona uso wako. Ningesema nini? Nilitaka tu usiwe peke yako."

Andrea aliniambia kwamba alisimama pale uani, mkwe wake akijifanya haoni. Mwishowe aliuchukua mtwangio mikononi mwa mkewe akatwanga yeye. Watoto wa majirani walikusanyika kuangalia mwanamume anatwanga. Siku ya tatu walirudi Tura pamoja.

Kwa Petro haikuwa hivyo. Andrea alimwendea, akamwambia ameshajua na amesamehe. Petro hakuweza kuupokea msamaha huo. Alikuwa mkubwa, alimlea mdogo wake kama mwana, na sasa mdogo ndiye anayemsamehe. Kabla ya mvua alibomoa nyumba yake, akabeba miti na milango, akahamia upande wa Sikonge kwa ndugu wa mama yao. Andrea alimfuata mara mbili. Mara zote mbili alipewa chakula, akapewa na mkeka, na hakuna lililozungumzwa. Petro alifariki huko kabla bendera haijabadilishwa. Hilo ninalo mpaka leo. Kama ningesoma jumla tu siku ile, kama maagizo yalivyosema, ndugu wale wangeishi wamepakana na kuzikana.

Saidi alikaa barazani kipindi chake chote na alizungumza juu ya jambo moja tu, kisima cha kijiji cha Tura kisichotegemea tangi la reli. Barua zake zote za maombi ziliandikwa na Andrea. Nilizijua kwa mwandiko zilipofika mezani kwangu, nikazipiga chapa bila kuongeza neno wala kupunguza. Ziliandikwa vizuri hata hivyo. Kisima kilichimbwa, kikatoa maji yenye chumvi kidogo, na watu wa Tura wakalalamikia chumvi, jambo lililonifurahisha sana, maana mtu mwenye kiu halalamikii ladha.

Kabla ya uchaguzi uliofuata nilimwandikia Bwana Shauri barua. Niliomba makaratasi ya vituo vyote yamwagwe katika chombo kimoja na kuchanganywa kabla ya kuhesabiwa, ili asiwepo duniani mtu wa kujua kijiji kipi kilimpa nani. Aliniita akaniuliza sababu. Nikamwambia, "Bwana, wakati ule nilisoma kupita kiasi." Alinitazama, akatia saini. Ninyi mnaofanya hivi leo, mnaomimina makaratasi kwenye tenga na kulalamika kwamba yanachelewesha kazi, ndiyo sababu hiyo.

Siku ile nilisimama kwenye baraza ile ile. Mzee Feruzi alikuwa ameshastaafu, amekuja kusikiliza kama raia, amekaa kwenye kiti alichobebewa kutoka nyumbani. Andrea hakugombea, alisimama nyuma kabisa na Monika. Nilisoma jina la kwanza na jumla yake, jina la pili na jumla yake. Nikamtangaza mshindi. Watu wakangoja, kama wanaongojea mchuzi baada ya ugali.

"Bwana Karani!" mtu mmoja akapaza sauti. "Hujamaliza! Na Tura je? Tura wamempa nani?"

Vichwa vikageuka. Nilimwona Andrea ameinamisha uso, na Monika amemshika mkono wa koti.

"Tura imo humo ndani," nikasema, nikaikunja karatasi, nikaingia ofisini.